Kifuniko cha Chupa Si Kipimo cha Dawa ya Kuku

Wafugaji wa kuku wa nyama wa Kisauni, Likoni na Jomvu, chanjo na matandiko mnavijua, sivirudii. Kilichonileta ni kifuniko cha chupa. Kila banda ninaloingia dawa inapimwa kwa kifuniko, inamiminwa ndooni kwa kukisia, na siku ya pili kuku wakichangamka kidogo, chupa inafichwa ingojee kundi lijalo. Huko ni kufuga bakteria, si kuku.

E. koli, bakteria wa utumbo anayeweza kuwaugua kuku, akishiba hujigawa kila dakika 20 hivi. Kila mara hunakili DNA yake, na ana vimeng'enya vinavyopitia nakala na kusahihisha. Makosa machache huponyoka, na katika mamilioni hatakosa mmoja ambaye kosa lake limempa uwezo wa kuihimili dawa kidogo. Dozi kamili humbana huyo pia. Dozi pungufu huua wenzake na kumwachia nyumba.

Enrofloksasini, antibiotiki ambayo wengi mnaipenda, huvuruga DNA. Bakteria aliyeumizwa asife huwasha ukarabati wa dharura, na mafundi wa dharura hunakili ovyo ovyo: makosa yanazidi. Kisha kuna plasmidi, kijipande cha DNA ambacho bakteria humpa jirani kwa kugusana, hata asiye wa aina yake. Kimoja chaweza kubeba usugu wa dawa kadhaa, zikiwemo ambazo hujawahi kununua.

Sasa hesabu, na mshike kalamu. Enrofloksasini ya asilimia 10 ina miligramu 100 kwa mililita. Kuku anahitaji miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kuku 200 wa kilo 1.5 ni kilo 300, basi mililita 30 kwa siku, zipimwe kwa bomba la sindano! Siku ni 3 hadi 5, kama alivyoandika daktari wa mifugo. Pima kuku kwa mizani, usiwakadirie kwa macho. Changanya upya kila siku, kivulini. Maji ya kisima chetu cha mawe ya matumbawe yana chokaa inayoshika dawa isifanye kazi. Tumia ya mvua au ya mfereji.

(Kideri ni ugonjwa wa virusi. Antibiotiki haikitibu, hata ukimwaga chupa nzima.)

Wakila vizuri na kinyesi kikishikana, dawa imekubali. Maliza siku zilizobaki, kisha hesabu siku za kungoja zilizo kwenye lebo kabla ya kuchinja. Siku ya tatu wakiwa bado wanazubaa, usirundike dawa nyingine juu yake. Peleka kuku maabara ya mifugo Mariakani, wapime ni dawa gani bado inamuua huyo bakteria.