Sauti ya kompyuta isikwame kwenye maneno ya shamba la zabibu

Maelezo ya zabibu yanayosomwa na sauti ya kompyuta huharibikia kwenye maneno machache: Syrah (aina ya zabibu), mankozebu (dawa ya ukungu), NPK 17:17:17 (mbolea), Ng'hong'honha (kata ya Dodoma). Kiswahili cha kawaida hakina taabu, maana kinaandikwa kama kinavyotamkwa na mkazo karibu kila mara hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Tumia hali hiyo: neno gumu liandike upya kama linavyosikika.

Sikiliza andiko zima ukiwa na kalamu, uorodheshe kila neno lililokwaza. Kisha muulize muuza pembejeo wa Dodoma mjini, au mkulima wa Makutupora, yeye analitamkaje. Anavyosema yeye ndivyo sauti iseme, hata kama kamusi ina jambo jingine.

Kama programu inapokea SSML, yaani lebo za kuielekeza sauti isomeje, andika hivi:

<sub alias="sira">Syrah</sub>

Andiko linabaki na Syrah, sauti inasoma "sira". Lebo ya phoneme, yenye alama za IPA (alfabeti ya kimataifa ya matamshi), iwe ya mwisho kujaribu: baadhi ya sauti huipuuza bila onyo, na sauti ya Kiswahili haitoi kwa uhakika mlio ambao haikufundishwa. "Nh" ya Kigogo ni mfano. Kwa Ng'hong'honha, ridhika na "Ng'ong'ona".

Angalia pia kiapostrofi. Programu za kuandikia hukipinda zenyewe, na baadhi ya programu za sauti zikikiona kimepinda husoma "ngombe" badala ya "ng'ombe". Badilisha vyote viwe vilivyonyooka. Ndani ya lebo, zungushia thamani alama za nukuu mbilimbili. Ukitumia moja moja, ng' itaifunga thamani katikati na faili halitasomeka.

Tarakimu zinataka uangalifu kuliko majina. Jina la kata likikosewa watu watacheka. Kipimo cha dawa au mbolea kikikosewa mizabibu inaweza kuungua. 17:17:17 inaweza kusomwa kama saa, kwa hiyo andika "kumi na saba" mara tatu, ukitenganisha kwa lebo ya kunyamaza kidogo, <break time="300ms"/>. "2.5" iwe "mbili na nusu", "kg/ha" iwe "kilo kwa hekta".

Neno linalorudi mara nyingi liingize kwenye kamusi ya matamshi ya programu. Hapa kuna mtego: kamusi hizi kwa kawaida hulinganisha neno zima, herufi kwa herufi, hivyo ingizo la "Syrah" haliigusi "SYRAH", na jina lililoongezewa -ni linataka ingizo lake. Neno kama "barabara", ambalo mkazo wake hubadilisha maana, usihangaike nalo: kama hukusudii njia, andika "sawasawa".

Jaribu kila neno mwanzoni, katikati na mwishoni mwa sentensi, kwa kuwa kiimbo hubadilika. Kama ujumbe utapigwa kwa simu, sikilizia kwenye simu yenyewe: simu ya kawaida hukata milio ya juu ya kilohezi 4, na "s" na "f" huanza kufanana. Mtoa huduma akibadilisha toleo la sauti, pitia orodha yote upya.