Morfini ya maji nyumbani: hatua kwa hatua kwa anayeuguza

Mwongozo huu ni wa yule aliyerudi nyumbani kutoka kliniki ya saratani akiwa na mgonjwa, chupa ya morfini ya maji na maelezo aliyopewa harakaharaka kwenye dirisha la dawa. Mara nyingi ni binti, mke au mkwe. Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, kazi yangu ni kuwazungukia wagonjwa majumbani Dar es Salaam, na wengi wao ni kina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Haya ndiyo ninayoyarudia kila nyumba ninayoingia. Dozi ya mgonjwa wako ni ile aliyoandika daktari wake. Namba nitakazotaja hapa ni mifano ya kukuelewesha hesabu.

Kabla ya yote, shika hili: morfini hutolewa kwa saa. Haisubiri mgonjwa aanze kulia. Shirika la Afya Duniani limekuwa likifundisha hivyo tangu mwaka 1986, na sababu yake inaeleweka. Morfini ya maji hufanya kazi kwa takribani saa nne, kisha inaisha nguvu mwilini. Ukingoja maumivu yarudi ndipo utoe dawa, utayafukuza kutwa nzima, na mgonjwa atakuwa anaishi kwa hofu ya maumivu yajayo hata pale yanapokuwa yametulia.

Hatua ya 1: Soma nguvu ya dawa, kisha pima kwa bomba

Kwenye lebo tafuta maandishi kama "5mg/5ml". Maana yake, kila mililita 5 za maji hayo zina miligramu 5 za morfini. Ipo pia ya 50mg/5ml. Kiasi cha maji ni kilekile, dawa ni mara kumi. Hospice Africa Uganda, hospisi (taasisi ya tiba shufaa) iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, huitia morfini yake rangi ili chupa za nguvu tofauti zisichanganywe. Kwingine chupa zote zinafanana, kwa hiyo kila unapopewa chupa mpya soma lebo upya, hata kama umeshazoea. Ukiona namba imebadilika, usimpe mgonjwa mpaka umpigie muuguzi wako.

Usipime kwa kijiko cha nyumbani. Vijiko vya chai havilingani. Omba kliniki wakupe bomba la sindano lisilo na sindano, vuta dawa hadi kwenye mstari, litazame usawa wa macho, ondoa povu la hewa, kisha mpe taratibu upande wa ndani wa shavu au kwenye kikombe kidogo. Morfini ni chungu. Anaweza kushushia na maji au juisi.

Hatua ya 2: Panga saa

Saa zetu za Kiswahili zinarahisisha kazi. Kila baada ya saa nne maana yake ni saa 12, saa 4 na saa 8, mchana na usiku. Weka alamu kwenye simu. Kama daktari ameruhusu, dozi ya saa 4 usiku huwa mara mbili ili ile ya saa 8 usiku irukwe, nyote wawili mlale hadi saa 12 asubuhi. Muulize daktari kuhusu hilo siku hiyohiyo anapoandika dawa, kwa sababu wengi hawaambiwi na huamka usiku bila sababu.

Piga hesabu ya chupa mapema. Mgonjwa anayetumia ml 5 kila dozi atamaliza ml 30 kwa siku, hata kama dozi ya usiku ameunganishiwa. Chupa ya ml 500 itakaa siku kumi na sita, pungufu kidogo kama anahitaji dozi za katikati, yaani za ziada maumivu yakichomoza kabla ya saa yake. Rudi kliniki zikiwa zimebaki siku tano. Usisubiri chupa ikauke, maana si kila hospitali ina dawa hii na mwili uliozoea morfini haufai kukatishwa ghafla: atatoka jasho, atatetemeka, tumbo litamsokota, na maumivu yatarudi yote kwa pamoja.

Ukisahau dozi, mpe unapokumbuka kisha uhesabu saa nne kutoka hapo. Usimpe mbili kwa mpigo kufidia.

Hatua ya 3: Anza dawa ya choo siku hiyohiyo

Hapa ndipo wengi wanapoangushwa. Usingizi na kichefuchefu cha morfini huisha baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakuishi kamwe maadamu anaendelea na dawa. Nimewaona wagonjwa waliotulia maumivu ya saratani wakaanza kulia kwa maumivu ya choo, ndugu wakailaumu morfini na kuisimamisha. Kwa hiyo kila anayeandikiwa morfini anatakiwa aandikiwe na dawa ya kulainisha choo, kwa kawaida bisakodili au sena, imezwe kila usiku hata kama jana alipata choo. Kama hukupewa, rudi uulize. Zikikosekana, hospisi za Uganda zimetumia kwa miaka mingi mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Muulize muuguzi kiasi.

Andika kila siku kama amepata choo. Zikipita siku tatu bila choo, piga simu. Na kuna jambo moja la kuangalia sana: choo cha majimaji kinachochirizika kidogokidogo baada ya siku nyingi za kukosa choo. Watu hudhani ni kuhara, wanampa dawa ya kufunga. Mara nyingi ni majimaji yanayopenya pembeni ya choo kigumu kilichokwama. Usimpe chochote cha kufunga, mwite muuguzi.

Hatua ya 4: Uliza maumivu kwa mkono

Ukimwuliza mama, "Shikamoo mama, umeamkaje?", atakujibu, "Marahaba mwanangu, namshukuru Mungu." Hata kama hakulala usiku kucha. Ndivyo tulivyolelewa kujibu. Kwa hiyo tumia mkono: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni makali yasiyovumilika. Mwambie akuonyeshe, usimkisie. Mama mmoja alimjibu binti yake "sijambo tu" huku vidole vinne vikiwa vimesimama juu ya shuka. Binti alitazama mkono, akanyamaza, akaandika 4.

Nunua daftari la kawaida, chora safu tano: saa, dozi, vidole, choo, maelezo. Daktari atakayeliona daftari hilo ataongeza au kupunguza dawa kwa uhakika. Bila hilo atakuwa anabahatisha.

Hatua ya 5: Dozi ya katikati

Maumivu yakichomoza kabla ya saa yake, mpe dozi ya ziada kama ilivyoandikwa; wengi huandikiwa kiasi sawa na dozi ya kawaida au nusu yake. Saa ya kawaida ikifika, mpe dozi yake kama kawaida. Ile ya ziada haiifuti. Akihitaji za ziada tatu au zaidi kwa siku, dozi ya kawaida haitoshi na inabidi daktari aipandishe. Kupandishiwa si dalili kwamba mgonjwa amekuwa mraibu. Ugonjwa umesogea, dawa nayo inasogea.

Kama kuna kazi inayomuumiza kila mara, kumwogesha au kumsafisha kidonda, mpe dozi nusu saa kabla. Mkiweza, pangeni kuoga kuendane na dozi ya saa 4 asubuhi, msitumie dozi ya ziada.

Hatua ya 6: Usingizi upi ni wa kawaida?

Siku mbili tatu za mwanzo atalala sana. Sehemu ya usingizi huo ni deni: mtu aliyekosa usingizi kwa miezi anapopata nafuu hulala. Mwite jina, mguse bega. Akifumbua macho na kukujibu, hata kwa uvivu, hali si mbaya. Kichefuchefu nacho huja siku hizohizo, na kuna dawa yake.

Hatari ni hii: humwamshi hata ukimtikisa, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu, na anapumua taratibu mno. Hesabu pumzi kwa dakika nzima ukiangalia kifua. Zikiwa chini ya nane na haamki, usimpe dozi nyingine, piga simu au mpeleke hospitali mara moja. Ukiona anaweweseka au misuli inarukaruka, piga simu pia. Kwa wenye saratani ya mlango wa kizazi nauliza kila mara kuhusu mkojo, kwa sababu uvimbe unaweza kuziba njia yake, figo zikashindwa kuitoa morfini, na dozi iliyomfaa mwezi uliopita ikawa kubwa. Mkojo ukipungua ghafla, toa taarifa siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Ongea na ndugu kabla hawajaificha chupa

Atafika shangazi kutoka mkoani, aone neno morfini, aseme, "Hiyo ni dawa ya kufia, na mnamfanya dada yangu teja." Msimwone mbaya, anampenda dada yake. Mwambie kwa adabu: "Shangazi, hii ni dawa ya maumivu. Kuna watu wanaitumia miezi mingi, wanakaa na kula na wajukuu. Daktari ameipima kulingana na maumivu yake." Kisha mwonyeshe daftari, ukurasa wa kabla na wa baada. Asiporidhika, mkabidhi simu aongee na muuguzi. Ni heri familia ichague mtu mmoja wa kuamua mambo ya dawa, na wengine wote kwenye grupu la WhatsApp wajue ni nani.

Chupa ikae juu, mbali na jua na watoto, ikiwezekana kwenye kabati lenye kufuli. Usimgawie jirani, hata anaumwa vipi. Dozi ya mgonjwa wako inaweza kumuua mtu ambaye mwili wake haujaizoea.

Hatua ya 8: Maumivu ambayo chupa haiyafikii

Cicely Saunders, aliyefungua Hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande nyingi: mwili, moyo, familia, roho. Mimi naliona hilo kila wiki. Dozi inapandishwa, vidole vinabaki vinne. Ukikaa naye bila haraka inatoka: mkopo wa vikoba ambao haujaisha, mtoto wa mwisho ambaye hajui atalelewa na nani, mume aliyehama chumba kwa sababu ya harufu.

Muulize, "Mama, kitu gani kinakusumbua zaidi usiku?" Kisha kaa kimya umsikilize. La mkopo linaongeleka na mweka hazina. La mtoto linataka kikao cha ndugu, naye akiwepo, akisikia kwa masikio yake nani amekubali. Akitaka shehe au padri, aitwe sasa akiwa bado ana nguvu ya kuzungumza.

La harufu lina dawa. Vidonge vya metronidazo vikisagwa na kunyunyiziwa kwenye kidonda kilichosafishwa hupunguza harufu sana. Kwa uchafu unaotoka ukeni muuguzi atakuonyesha namna. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Akiwa hawezi kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa mbili ili asitoke vidonda vya kulalia.

Hatua ya 9: Wewe nawe ulale

Chukua zile saa za dawa, uzigawe. Kaka mwenye kazi ya mchana anaweza kushika saa 4 usiku. Jirani anaweza kukaa naye mchana mmoja kwa wiki ukatoka. Ndugu wakikuuliza "tukusaidie nini?", wape kitu chenye jina: nauli ya kliniki, nepi za watu wazima, Jumamosi nzima. Mgongo ukianza kukuuma kwa kumnyanyua, mwambie muuguzi akufundishe kumgeuza kwa shuka.

Hatua ya 10: Asipoweza kumeza tena

Siku za mwisho atakataa chakula. Usimlazimishe uji, utaingia kwenye mapafu, na mwili unaozima hauna njaa kama unavyodhani. Mlowanishe midomo kwa pamba yenye maji. Lakini morfini isikatishwe, kwa sababu maumivu hayaondoki eti kwa kuwa hazungumzi. Mwangalie uso: akikunja paji au kuguna anapogeuzwa, anaumia. Piga simu mapema daktari abadilishe maelekezo. Mara nyingi tunatumia kiasi kidogo cha maji yenye nguvu zaidi, yanayodondoshwa ndani ya shavu taratibu huku kichwa kimeinuliwa.

Pumzi zitakuwa za kukatika na kurudi, miguu itapoa, na koo linaweza kukoroma. Mlaze ubavu. Mkoromo unatusumbua sisi kuliko yeye. Wanaotaka kumsomea au kumwelekeza kibla wasiogope kukaribia.

Kuna mtu atakayempa dozi ya mwisho, na pengine ni wewe. Mgonjwa akifariki saa moja baadaye, usije ukabeba kwamba ulimuua. Dozi iliyoandikwa, iliyopimwa kwa bomba, kwa mtu aliyeitumia wiki nyingi, haikumuua. Alikufa kwa saratani. Wiki ya msiba ikiisha, rudisha kliniki mabaki ya chupa pamoja na daftari, na usimtume mtu. Njoo mwenyewe, maana tunataka pia kujua wewe unaendeleaje.