Jinsi ya Kuutafuta Muziki Mzuri Nje ya Nyimbo Zinazovuma

Mzee wa Kisumu anayeshikilia kwamba muziki mzuri uliisha zamani, na kijana anayedhani muziki wote ni ule unaopigwa kwenye matatu, wana shida moja: wote wawili wanasikiliza walichochaguliwa na wengine. Redio hurudia nyimbo chache zinazovuma kwa sababu wenye matangazo ya biashara wanataka wasikilizaji wengi kwa wakati mmoja. Vipindi vya zilipendwa navyo hurudia zilezile, kana kwamba bendi za miaka ya sabini zilirekodi wimbo mmoja mmoja tu.

Anza kwa kuyachunguza mapenzi yako mwenyewe. Mwaka 1989, watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, walionyesha kwamba watu huelekea kupenda zaidi nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa miaka 24 hivi. Wimbo wa ujana wako basi unaweza kukutoa machozi hata kama ulitungwa ovyo. Usiutupe, bali uutumie kama mlango: usikilize mara kadhaa kwa utulivu, uandike ni kitu gani hasa kinachokuvuta, kiwe ni gita la solo, besi, sauti ya pili au maneno. Anayejua anachokipenda hutafuta kwa haraka zaidi kuliko anayesema tu kwamba anapenda vya kale.

Tuseme kinachokuvuta ni gita la D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz. Usitafute orodha ya nyimbo bora za benga, muziki huo wa magita wa Waluo wa Kenya, maana orodha hizo hukurudisha palepale ulipotoka. Soma kile kikaratasi cha duara kilicho katikati ya santuri, au picha yake mtandaoni, unakili jina la lebo, yaani chapa ya kampuni iliyotoa santuri, la mtunzi na la bendi, kisha uifuate lebo. Lebo za mtayarishaji wa muziki Phares Oluoch Kanindo, kwa mfano, zitakufikisha kwa bendi ambazo hukuwahi kuzisikia, na zitakuvusha hadi Zimbabwe, ambako benga ilienea sana hata ikaitwa kanindo. Igeuze santuri vilevile. Katika zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mrefu wa benga mara nyingi uligawanywa, ukaanza upande wa kwanza na kumalizikia wa pili, na ni huko mwishoni ambako waimbaji hupumzika na magita yakaachiwa uwanja. Aliyesikia kipande cha kwanza peke yake bado hajausikia wimbo.

Kutoka hapo rudi nyuma ya gita, kwenye nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Mpigaji huketi chini, hucharaza nyuzi nane kwa vidole, na pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu hugonga mbao ya ala hiyo ili kushika mapigo, huku njuga zikilia mguuni. Ukiisha kumtazama mtu mmoja akifanya yote hayo na kuimba juu yake, utaelewa gita la benga lilikotoa mwendo wake. Ayub Ogada aliipeleka nyatiti mbali sana, na albamu yake ya mwaka 1993 ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sikio lisiloizoea.

Upande wa Waluhya hupuuzwa mno, jambo linaloniuma. Msikilize mpiga gita George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, kisha kikundi cha Abana ba Nasery wa Bunyore, ambao chupa ya soda ilikuwa ala yao kamili: ikikwaruzwa kwa chuma, hutoa mapigo yanayobeba magita mawili. Mara ya kwanza fuata chupa peke yake, mara ya pili fuata kidole gumba cha mpiga gita kinavyotembea kwenye nyuzi za besi. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, usitosheke kuitazama kwenye simu. Nenda Kakamega uisikie penye watu, na uombe ruhusa ya wenye shughuli kabla ya kurekodi, hasa ikiwa ni msiba.

Kwa sauti zilizorekodiwa mashambani, tafuta kazi ya Singing Wells, mradi ambao Ketebul Music ya Nairobi inashiriki. Kwa muziki wa leo, waulize wanaowajazia watu nyimbo kwenye flashi, ila badala ya kuuliza kinachovuma, uliza ni bendi gani inayopiga wikendi hii na nani anayeipigia solo. Fika mapema, kabla spika hazijapandishwa hadi maneno yasisikike.

Ukimpata mwanamuziki anayekugusa, nunua kazi kwake mwenyewe, hata kwa kumtumia pesa kwa simu, na umwombe majina ya wenzake waliopiga. Andika majina hayo kwenye faili la wimbo siku hiyohiyo, kwa sababu wimbo ulioitwa «Track 07» humwacha msikilizaji wa baadaye bila pa kuanzia.