Kukarabati nyumba ya kupangisha Mombasa: pesa zitembee nyuma ya kazi

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Somo hili ni la mwenye vyumba vya kupangisha, si la anayejijengea kwake. Nyumba yako ya kuishi ikichelewa utavumilia kwa shemeji. Ya kupangisha ikikaa tupu inakula kila mwezi. Nyumba ya kodi ya 15,000 ikichelewa miezi miwili, 30,000 imekwenda, na huenda ikapita lile punguzo ulilombana fundi siku ya kwanza ukajiona mjanja.

Hatua ya 1: Zunguka na daftari. Ingia chumba kwa chumba kabla hujamwita mtu. Usiandike "kutengeneza choo". Andika: kung'oa taili za sakafu, kupaka dawa ya kuzuia maji, kubadilisha bomba la kutolea maji machafu, kuweka taili mpya. Piga picha. Ukiweza, kagua wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei mvua inapokolea, ndipo paa linasema kweli. Januari kila paa la Mombasa ni zima.

Hatua ya 2: Mafundi watatu, orodha moja. Wape wote watatu karatasi ile ile, la sivyo bei zao hazilinganishiki: mmoja kahesabu kutoa kifusi, mwingine hakuhesabu. Omba kuonyeshwa kazi ya mwaka jana, si ya juzi, kwani rangi mbichi ni kama wanja. Kazi ikiwa kubwa, chukua kontrakta aliyesajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Wa umeme awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Na ukitaka kuvunja ukuta, muulize mhandisi kwanza, na kibali cha kaunti kitangulie nyundo.

Hatua ya 3: Nani anunue vifaa? Mimi hununua vikubwa mwenyewe: saruji, nyaya, mabomba, taili, rangi. Misumari na vikorokoro namwachia fundi, alete risiti. Unene wa waya usome ubavuni: 2.5 mm² kwa soketi, 1.5 mm² kwa taa. Karibu na bahari usiweke dirisha la chuma kwa sababu tu ni rahisi. Upepo wa chumvi hauna haraka, lakini hauchoki.

Hapa niwape kisa changu. Nilipiga plasta vyumba vinne Kisauni. Saruji nilinunua, mchanga nilinunua, nikajiona nimemaliza. Maji sikuyataja. Fundi akaona kisima cha jirani, akachota. Mimi mwenyewe nilipita mchana, nikaona mitungi imepangwa, sikuonja. Baada ya miezi sita ukuta ukaanza kutoa unga mweupe, rangi ikavimba, ikabanduka kama magamba ya samaki. Nilipomwuliza akanijibu, "Mzee, maji ni maji." Yalikuwa ya chumvi. Kwenye plasta hasara ni rangi na aibu mbele ya mpangaji, lakini kwenye zege chumvi huila nondo ndani kwa ndani mpaka zege lipasuke. Tangu siku hiyo maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yamo kwenye orodha yangu ya vifaa, na nayalipia mimi.

Hatua ya 4: Malipo. Ukishanunua vifaa, fundi hana haja ya arbuni kubwa. Mpe ya nauli na chakula cha vibarua. Kisha gawanya ujira kwa vituo: kubomoa na kutoa kifusi; mabomba na nyaya; plasta; taili; rangi. Kituo kikiisha na ukakikagua, lipa siku hiyo hiyo, usimzungushe. Mwenye nyumba anayechelewesha hela ndiye anayemfundisha fundi kudai mbele. Asilimia 10 baki nayo mpaka mvua moja ipite, na jambo hili liandikwe tangu mwanzo, lisiwe la kushtukizana. Lipa kwa M-Pesa, halafu mtumie ujumbe: "hii ni ya plasta, vyumba viwili." Ile meseji ya M-Pesa haisemi pesa ni za nini.

Hatua ya 5: Kagua kabla hakijafunikwa. Picha za nyaya na mabomba kabla ya plasta. Bafu la ghorofani, baada ya dawa na kabla ya taili: ziba tundu, jaza maji, acha saa 24, teremka ukaangalie dari ya chini. Plasta mpya imwagiwe maji siku saba, maana upepo wetu huikausha kabla haijashika.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Likoni: Fundi ataka nusu kabla ya kuanza, asema ndiyo desturi. Nami namwonea haya, ni mtu wa mtaani.*
Mama, haya ndiyo yanayotumaliza. Mwambie vifaa vitafika kesho kwa gari, yeye aje na vibarua tu. Akiwa na shida ya nyumbani, msaidie kama jirani, pesa hizo usiziite za kazi.

*Kaka wa Majengo: Nyumba ni yangu lakini ardhi ni ya mtu, namlipa ya kiwanja. Naweza kuinua kuta za mawe?*
Kwanza zungumza na mwenye ardhi, akubali kwa maandishi. Rangi na mabati hayana neno kubwa, lakini jengo la kudumu ukilisimamisha bila idhini yake umejitafutia kesi.

*Dada wa Mji wa Kale: Nataka kutoa madirisha ya mbao niweke ya alumini.*
Ngoja, dada. Hilo ni eneo la hifadhi. Pitia kwanza ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale, ya Makumbusho ya Taifa. Seremala mzuri huenda akakugharimu chini ya madirisha mapya.

*Gharama za ukarabati nazitoa kwenye ushuru wa KRA?*
Ukiwa kwenye ushuru wa kila mwezi wa nyumba za kuishi, hapana. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea, hakuna cha kutoa. Huo ni wa wanaopata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Unaweza kuiandikia KRA utozwe kwa njia ya mwaka, ambako gharama huhesabiwa, ila weka risiti.

*Yule fundi wa maji ya chumvi ulimfanyaje?*
Bado namwita. Mkono wake kwenye plasta ni mzuri mno. Akija hukuta tangi limejaa.