Namna ya Kulinda Taaluma ya Bondia Wakati Kesi Inapigwa Kalenda

Bondia wa kulipwa aliyeshitakiwa, au aliyemshitaki promota wake, aanze kwa kujiuliza ni kitu gani hasa kinachomzuia kupanda ulingoni. Mara nyingi si hukumu. Muhammad Ali alikataa kuandikishwa jeshini tarehe 28 Aprili 1967, na Juni mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 5, lakini hakukitumikia, kwa kuwa alikuwa nje kwa dhamana akisubiri rufaa. Kilichomweka pembeni tangu akiwa na umri wa miaka 25 hadi 28 kilikuwa leseni, ambayo kamisheni ya ngumi ya New York iliisimamisha siku ileile aliyokataa, kabla mahakama haijasikiliza lolote, na majimbo mengine yakafuata mkondo. Kwa kuwa hati yake ya kusafiria nayo ilichukuliwa, hata mapambano ya ng'ambo hayakuwezekana.

Kwa hiyo mwombe wakili wako aorodheshe kila kizuizi peke yake: leseni, mkataba, masharti ya dhamana, hati ya kusafiria, mkanda wa ubingwa. Mbele ya kila kimoja aandike ni chombo gani chenye mamlaka ya kukiondoa. Shauri la leseni halipaswi kusubiri kesi ya jinai imalizike. Mawakili wa Ali walikwenda mahakama ya shirikisho wakaonyesha kwamba kamisheni hiyohiyo ilikwisha kuwapa leseni watu wengi waliopatikana na hatia za makosa mazito, na mwaka 1970 jaji akaona kwamba kumnyima yeye peke yake ni ubaguzi usio na msingi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kumfutia hatia mwezi Juni 1971. Kufikia hapo alikuwa ameshampiga Jerry Quarry mjini Atlanta, katika jimbo la Georgia ambalo halikuwa na kamisheni ya ngumi, na alikuwa ameshapoteza kwa Joe Frazier. Angengoja rufaa, angeongeza miezi mingine minane ya kukaa bure.

Jambo la pili ni kuziweka kalenda mbili sambamba, ya mahakama na ya ulingo. Kambi ya pambano kubwa huchukua takribani wiki 8 hadi 12, na tarehe ya kesi ikiangukia katikati yake huvuruga usingizi, uzito na mazoezi ya kupigana na wenzako, hata kama siku hiyo kesi itasikilizwa kwa dakika tano tu na kuahirishwa. Wakili aombe tarehe mapema, akiwa na mkataba uliosainiwa mkononi. Floyd Mayweather alihukumiwa siku 90 jela mwezi Desemba 2011. Jaji akakubali aanze kifungo tarehe 1 Juni 2012, naye akapambana na Miguel Cotto tarehe 5 Mei na kutoka jela mwanzoni mwa Agosti. Usilichukulie hilo kama haki yako. Kesi ile ilihusu kumpiga mama wa watoto wake, na wengi walikasirishwa kuona jela ikisubiri pambano. Ombi la namna hiyo liwe moja tu, lenye tarehe ya mwisho, na ahadi iliyomo itimizwe bila visingizio.

Migogoro ya mikataba ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu haina kelele na bondia hudhani anao muda. Mikey Garcia alikaa tangu Januari 2014 hadi Julai 2016 bila pambano kwa ugomvi na promota wake. Andre Ward naye, kwa sababu kama hiyo, hakupigana tangu Novemba 2013 hadi Juni 2015. Wote wawili walikuwa hawajapigwa, katika umri ambao bondia hukusanya malipo yake makubwa. Kabla ya kufungua shauri, kisome kifungu kinachosema muda wa mkataba husimama pale bondia anapougua, anapofungiwa au anapokataa pambano. Kikiwamo, miaka inapita kwako lakini mkataba hauzeeki, na promota mwenye mabondia wengine anaweza kukungoja muda mrefu kuliko wewe unavyoweza kumngoja yeye. Ukipata nafasi ya kujadili mkataba mpya, dai usuluhishi wenye ukomo wa siku, na uwekewe ruhusa ya kupigana mapambano mengine wakati shauri linaendelea, hata kama sehemu ya malipo itashikiliwa.

Uamuzi wa usuluhishi, hata hivyo, lazima utiiwe na pande zote. Mwezi Mei 2021 msuluhishi aliamua kwamba Deontay Wilder alikuwa na haki ya pambano la tatu na Tyson Fury, muda mfupi baada ya Fury kutangaza kuwa angekutana na Anthony Joshua mwezi Agosti. Pambano hilo la Joshua lilivunjika. Usitangaze tarehe wakati kuna shauri linaloweza kuifuta.

Kuhusu mkanda, mashirikisho ya ngumi huweka ukomo wa kumkabili mpinzani wa lazima, yaani yule ambaye bingwa hana budi kupigana naye. IBF (Shirikisho la Kimataifa la Ngumi), kwa mfano, hutumia miezi 9. Andika mapema kuomba nyongeza ya muda, ukiambatisha nakala ya amri ya mahakama. Wakikataa, kuuachia mkanda kwa hiari na kubaki katika viwango huwa afadhali kuliko kuvuliwa.

Katika kesi za dawa zilizopigwa marufuku michezoni, omba muda uliokwisha kukaa nje uhesabiwe. Fury alishitakiwa Juni 2016 kwa sampuli ya Februari 2015, na shauri likamalizika Desemba 2017 kwa adhabu ya miaka 2 iliyohesabiwa kurudi nyuma hadi Desemba 2015, hivyo ikawa imekwisha siku ilipotangazwa.

Hukumu huendelea kufanya kazi mipakani pia. Mike Tyson, aliyefungwa mwaka 1992 na kutoka Machi 1995, aliruhusiwa kuingia Uingereza na akapigana Manchester Januari 2000, lakini Desemba 2013 alizuiwa kwa sababu kanuni ya huko ilikuwa imebadilika kuhusu waliohukumiwa kifungo cha miaka 4 au zaidi. Promota asisaini ukumbi wa nje kabla viza haijatoka, na hukumu isifichwe kwenye fomu.

Kesi ikiisha, chukua nakala iliyothibitishwa ya uamuzi, ipeleke kwa kila kamisheni iliyokusimamisha, na usiondoke bila barua inayosema jina lako limefutwa katika orodha ya waliofungiwa. Kamisheni huulizana kabla ya kutoa leseni, na jina lililosahaulika kwenye orodha linaweza kuzuia pambano wiki ya kupima uzito.