Dulcitude: namna ya kulifumbua neno la Kiingereza usilolijua

Juzi nilikuwa natafsiri shairi la Kiingereza, mstari wa tatu ukanisimamisha: dulcitude. Hivi ndivyo ninavyofanya nikikutana na neno la aina hiyo.

Hatua ya 1: Kamusi isubiri, likate neno kwanza. Mkia wake -tude unaujua tangu somo la jiografia: longitude, latitude, altitude. Asili yake ni -tudo ya Kilatini, inayogeuza sifa kuwa jina. Longus ni refu, longitudo ni urefu. Sisi kazi hiyo tunampa u- wa mbele: refu, urefu. Kwa hiyo hata kabla ya kujua maana, unaweza kukisia kwamba tafsiri yako huenda ikaanza na u-.

Hatua ya 2: Lisake shina, yaani dulc-. Waulize ndugu zake. Kihispania kina dulce, Kiitaliano dolce, Kireno doce, Kifaransa doux, na wote baba yao ni dulcis ya Kilatini: tamu. Mpiga kinanda akikuta dolce kwenye noti, anajua apige kwa ulaini. Wataalamu wa mimea nao huuita mlozi Prunus dulcis. Basi fumbo limefumbuka: dulcitude, kwa Kilatini dulcitudo, ni utamu.

Hatua ya 3: Lilinganishe na majirani zake. Hapa ndipo wengi huteleza. Sweet ni Kiingereza cha jikoni, ndugu wa süß ya Kijerumani. Dulcitude limeingia kwa mlango wa vitabu. Halafu kuna saccharine, ambalo kwa kweli ni binamu wa sukari yetu. Sharkara ya Kisanskriti, iliyomaanisha pia changarawe, ilipita Uajemi ikawa sukkar ya Waarabu, na sisi tukapata sukari. Tawi jingine likaenda kwa Wagiriki na Warumi likawa saccharum. Lakini usithubutu kumsifu mtu kwa saccharine! Siku hizi Mwingereza akilitamka juu ya tabasamu au wimbo, anamaanisha utamu uliopitiliza hadi unakinaisha.

Hatua ya 4: Sasa fungua kamusi, uone kama neno limewekewa alama ya adimu au ya zamani. Dulcitude ni adimu. Ukiisifia nayo chai, Waingereza watadhani unatania.

Hatua ya 5: Chagua neno la Kiswahili kwa kuangalia kinachosifiwa. Kwa chakula, utamu unatosha. Kwangu ilikuwa sauti ya mama anayebembeleza mtoto, na utamu niliuona mwepesi mno: kwetu chai tamu, hadithi tamu, hata usingizi mtamu. Neno adimu lilistahili mwenzake adimu, nikaandika "wororo wa sauti yake", yaani ulaini wake.

Mteja akafuta, akarudisha "utamu". Nikamwachia, shairi ni lake.