Usidanganywe na inchi za TV

Ukikuta TV ya inchi 32 inauzwa karibu sawa na monita ya inchi 24, na unataka ya kufanyia kazi za kompyuta, usikimbilie ukubwa. TV nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina pikseli (vitone vidogo vinavyounda picha) 1366 kwa 768 tu. Monita ile ndogo kwa kawaida ina 1920 kwa 1080. Ukikaa karibu, herufi za TV zinakuwa na ukungu, na anayeshinda kwenye Excel macho yatamuuma. Kwa filamu, sawa, chukua TV.

Kama tayari unayo, ingia kwenye mipangilio yake: washa hali ya gemu ili mshale wa kipanya usichelewe, kisha zima ukuzaji wa picha unaokata pembeni mwa skrini.